Kubandika wolpepa nyumbani: hesabu ya roli, ukuta na maungio

Wolpepa nyingi zinazobanduka mapema hazina kosa lolote zenyewe. Kosa liko nyuma yake: ukuta wenye unyevu, rangi inayotoa unga, au chokaa ambayo haikukwanguliwa. Nyingine huharibikia dukani, pale mnunuzi anapokadiria kwa macho, akapungukiwa, kisha akarudi kuongeza roli moja na kukuta rangi yake haifanani na ya mwanzo. Kubandika kwenyewe si kazi ya kutisha. Mtu makini akiwa na msaidizi anaweza kumaliza ukuta mmoja kwa siku, ilimradi hesabu na maandalizi yamekaa sawa.

Aina na lebo

Wolpepa ya karatasi tupu hunywa maji ya gundi, hutanuka, na huchanika upesi ikiwa mbichi. Ya vinaili ina uso wa plastiki, hivyo hupanguswa bila taabu, lakini plastiki hiyohiyo hufungia unyevu ndani ya ukuta. Ya nyuzi zilizoshindiliwa ina mgongo unaofanana na kitambaa kigumu. Haitanuki ikilowa, na gundi yake hupakwa ukutani badala ya kwenye karatasi. Kwa anayeanza, hii ndiyo ya kuchagua. Ya kujibandika inaonekana rahisi kuliko zote, lakini haisamehe ukuta wa mikwaruzo wala rangi dhaifu. Ikikamata vizuri kwenye rangi isiyoshika, siku ya kuibandua inaondoka na rangi.

Kabla ya kulipa, geuza roli usome lebo. Alama ya wimbi moja ina maana kwamba unaweza kufuta gundi mbichi kwa sponji wakati wa kubandika, basi. Mawimbi matatu huosheka vizuri, na brashi iliyochorwa pamoja na mawimbi huonyesha kuwa karatasi inastahimili kusuguliwa. Jua zima huonyesha kwamba rangi haipauki haraka, jambo la maana kwa ukuta unaopigwa na mwanga wa dirishani. Kisha tafuta namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani. Roli zote za chumba kimoja ziwe na namba moja, maana rangi huchanganywa upya kila bechi, na tofauti ambayo huioni ukishika roli mbili mkononi itaonekana waziwazi vipande vikikaa ubavu kwa ubavu ukutani.

Hesabu ya roli

Usigawanye eneo la ukuta kwa eneo la roli. Njia hiyo hudanganya, kwa sababu mabaki ya sm 80 mwishoni mwa roli hayafuniki ukuta wa mita mbili na nusu. Hesabu vipande.

Tuchukue ukuta wa upana wa m 4 na kimo cha m 2.40, na roli ya kipimo cha kawaida cha Ulaya: upana sm 53, urefu m 10.05. Mita 4 ukigawanya kwa 0.53 unapata 7.55, yaani vipande 8. Kila kipande kiongezewe sm 10 za kupunguza juu na chini, kiwe m 2.50. Roli moja inatoa vipande 4, hivyo roli 2 zinatosha.

Sasa chukua wolpepa ya maua ambayo ua lake hurudi kila sm 64. Ili maua yakutane, kila kipande lazima kiwe na marudio kamili: 64 mara 4 ni m 2.56. Vipande vinne vingehitaji m 10.24, na roli ina m 10.05 tu. Kwa hiyo roli inatoa vipande 3, na ukuta uleule unataka roli 3. Sentimita sita kwa kila kipande zimekula roli nzima. Ongeza moja ya akiba, kwa ajili ya kipande kitakachochanika na kwa viraka vya miaka ijayo.

Lebo huonyesha pia namna maua yanavyokutana. Mishale miwili inayotazamana kwa usawa: ua hukutana kwenye mstari mmoja. Mishale iliyopishana: kila kipande cha pili hushuka kwa kiasi kilichoandikwa, mara nyingi nusu ya rudio. Hapo hupunguza hasara ukikata kutoka roli mbili kwa zamu, vipande vya witiri (cha 1, 3, 5) toka moja na vya shufwa (cha 2, 4, 6) toka nyingine. Mshale mmoja juu na mwingine chini una maana kwamba kila kipande cha pili hugeuzwa kichwa chini. Wengi huupuuza kwenye wolpepa isiyo na maua, kisha hushangaa kuona ukuta una mistari ya kivuli. Ukingo mmoja wa roli huwa umekolea kidogo kuliko mwingine, na kugeuza hukutanisha kingo zinazofanana.

Vipimo hutofautiana. Ziko roli za upana wa sm 106, na za kujibandika mara nyingi ni sm 45, kwa hiyo fanya hesabu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo.

Kupima ukuta

Bandika kipande cha nailoni cha sm 50 kwa 50, ukizibe pande zote kwa tepu, ukiache siku moja hadi mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Tafuta bomba linalovuja, mfereji ulioziba au unyevu unaopanda kutoka msingi, na usibandike chochote mpaka chanzo kipatikane. Plasta mpya ya saruji iachwe angalau wiki nne.

Kisha pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, gundi itashika unga, si ukuta. Chokaa ikwanguliwe yote. Bandika tepu, ikandamize, uivute kwa ghafla. Ikija na maganda ya rangi, rangi hiyo nayo iondoke. Rangi ya mafuta inayong'aa ipigwe msasa wa namba 120 mpaka mng'ao upotee, na vumbi lifutwe. Matundu na nyufa zijazwe puti, zikauke, zisuguliwe. Mulika ukuta kwa tochi kutoka ubavuni, kwani kila kinundu kinachotoa kivuli kitaonekana chini ya wolpepa nyembamba. Ukungu mweusi uoshwe kwa dawa yake na ukuta ukauke, ukiufunika, utarudi.

Malizia kwa praima ya ukuta. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ina kazi mbili: inazuia plasta isinywe maji ya gundi kabla karatasi haijashika, na inarahisisha kubandua siku ukitaka kubadilisha.

Gundi na vifaa

Gundi ya unga humwagwa kidogo kidogo kwenye maji ya baridi huku ukikoroga. Ukifanya kinyume, ukamimina maji juu ya unga, utapata mabonge. Fuata kipimo cha pakiti, iache itulie dakika 15 hadi 20, koroga tena. Vinaili nzito inahitaji gundi nzito ya tayari yenye dawa ya kuzuia ukungu.

Andaa tepu ya kupimia, penseli, timazi (uzi wenye uzito unaoonyesha wima) au pima maji refu, rola na brashi ya gundi, brashi pana ya kulainisha, bamba pana la kupigia skimu, ndoo ya maji safi na sponji, ngazi imara, na kisu cha wembe unaovunjwa. Wembe wa akiba uwe mwingi. Karatasi mbichi haivumilii wembe butu: badala ya kukatika inavutika, na ukingo unatoka na meno. Vunja ncha kila baada ya kipande kimoja au viwili.

Kipande cha kwanza

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya chumba, kisha fungua vifuniko vya swichi na soketi.

Kona za nyumba mara chache huwa wima. Ukianzia konani ukafuata kona, kipande cha pili kitainama, cha tano kitainama zaidi, na maua yatapanda dari upande mmoja. Piga mstari wa timazi na ufuate huo. Kwenye ukuta wetu wa m 4, mstari ukiwa katikati, kila upande utapata vipande vitatu vizima na kimoja cha sm 41 konani. Umbo limelingana, na hakuna kipande chembamba cha sm 5 cha kuhangaika nacho.

Wolpepa ya nyuzi: paka gundi ukutani, ipite upana wa kipande kwa sm 5 hadi 10, kisha shusha karatasi kutoka juu ukiacha sm 5 zipande dari. Wolpepa ya karatasi: paka gundi mgongoni, kunja ncha zote mbili kuelekea katikati, gundi kwa gundi bila kuvunja mkunjo, na uiache kwa dakika zilizoandikwa, mara nyingi 5 hadi 10. Muda huo uwe sawa kwa kila kipande. Kilicholowa dakika 4 hakijatanuka kama kilicholowa 10, na maua yakikutana juu yatapishana chini.

Lainisha kutoka katikati kwenda kando. Kwa kukata, kandamiza bamba kwenye pembe ya dari, kata kando yake, kisha sogeza bamba huku ncha ya kisu ikibaki ndani ya karatasi. Ukiinua kisu kila mara, mstari utakuwa na vidaraja.

Kipande kinachofuata kisogezwe mpaka kiguse jirani yake bila kupandana, na bila kukivuta. Pitisha rola ya maungio kwa upole, ila si kwenye wolpepa yenye michoro iliyoinuka, maana utaisaga. Gundi iliyotokea usoni ifutwe hapohapo kwa sponji yenye unyevu. Ikikauka huacha doa linalong'aa. Baada ya vipande vitatu, simama hatua kadhaa nyuma utazame rangi na maua. Ukiona kasoro ya kiwandani, acha kukata, kwa kuwa mara nyingi lebo husema malalamiko hayapokelewi baada ya hapo.

Kona na swichi

Kwenye kona ya ndani, pima umbali kutoka kipande cha mwisho hadi konani mahali patatu: juu, katikati, chini. Chukua kikubwa zaidi, ongeza sm 1 hadi 2, kata kwa upana huo, ukunje kugeuka kona. Kilichobaki kibandikwe ukuta wa pili kwa mstari mpya wa timazi, kikipandia ile sentimita moja. Ukilazimisha kipande kizima kigeuke kona, kitakauka, kitajivuta na kuacha uwazi nyuma yake. Vinaili juu ya vinaili haishiki kwa gundi ya kawaida, hivyo tumia gundi ya maungio.

Penye swichi, pitisha karatasi juu, kata alama ya msalaba kutoka katikati kwenda pembe nne, punguza ukibakiza mm 5 zitakazofichwa na kifuniko. Wolpepa yenye utando wa chuma isiingie nyuma ya kifuniko hata kidogo, kwani hupitisha umeme.

Wolpepa ya kujibandika hubanduliwa karatasi ya mgongoni sm 20 hadi 30 kwa mara, ikisukumwa kwa plastiki bapa. Usiivute ili ifikie mstari. Itarudi ilivyokuwa, na uwazi utaonekana kwenye maungio.

Kukauka na kurekebisha

Acha chumba kikauke chenyewe siku moja hadi mbili, bila feni wala kiyoyozi. Karatasi ikikauka haraka hujivuta kabla gundi haijashika, na maungio hufunguka. Malengelenge madogo kwenye wolpepa ya karatasi kwa kawaida hupotea yenyewe, kwa hiyo usiyatoboe siku ya kwanza. Yakibaki, chana kwa wembe kufuata mstari wa ua, ingiza gundi kwa bomba la sindano, kandamiza na ufute. Ukingo ulionyanyuka upakwe gundi ya maungio kwa brashi ndogo, usubiri dakika chache ushike kidogo, ndipo upitishe rola. Ukinyanyuka tena mahali palepale, usiongeze gundi. Rudi kwenye kipimo cha nailoni.