Kuanza kuwinda sungura na njiwa mashambani Uingereza

Kwa aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mtu mwenye bunduki porini ni jangili tu. Uingereza mambo si hivyo. Sungura na njiwa pori wanakula ngano changa na kabichi, na mkulima hufurahi akipata mtu wa kuaminika wa kuwapunguza. Hakulipi, ila nyama ni yako.

Anza na bunduki ya hewa. England na Wales haihitaji cheti kama nguvu yake haizidi futi-pauni 12 (jouli 16 hivi) na wewe umetimiza miaka 18. Dukani utakabidhiwa mkononi, haitumwi nyumbani kwa posta. Scotland ni habari nyingine: tangu 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti cha polisi, na hata mgeni anayevuka mpaka na bunduki yake anatakiwa awe na kibali. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi 3 au zaidi haruhusiwi kushika bunduki yoyote, ya hewa ikiwemo, kwa miaka 5. Cha miaka 3 au zaidi, ni marufuku ya maisha. Bunduki ya marisau, ile wengi wanaiita shotigani, ina cheti chake cha polisi cha miaka 5. Iache kwanza.

Kinachowashinda wengi ni ruhusa, wala si bunduki. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na kuingia na silaha bila idhini yake ni kosa la jinai. Nenda shambani mchana, bila bunduki wala nguo za kijani za kijeshi, na usiende msimu wa mavuno. Mazizi ya farasi na mabanda ya kuku ndipo pa kuanzia, kwa sababu panya huwa hawakosekani pale na wawindaji wakubwa hawapagombanii. Akikubali, omba maandishi: jina lake, mipaka ya shamba, wanyama gani, na namba ya simu. Wakulima wengi watauliza bima. Uanachama wa BASC, chama cha wawindaji wa Uingereza, unakuja na bima ya madhara kwa watu wengine.

Kila unapokwenda, mjulishe mwenye shamba, kisha piga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura. Waeleze uko wapi, mpaka saa ngapi na gari gani, na uandike namba ya kumbukumbu watakayokupa. Kijijini ambako sura yako haijazoeleka, jirani akiona mtu na bunduki atapiga simu, na ni heri polisi wawe wanajua tayari. Njiani bunduki ikae ndani ya mfuko wake, bila risasi.

Kuhusu kuchagua bunduki ya hewa: ya springi ni nafuu na haina mengi ya kuharibika, lakini hurukaruka. Ukiikamata kwa nguvu inatawanya risasi. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi. Ya mtungi wa hewa imetulia zaidi, ila inataka pampu au silinda ya kujazia. Kipenyo cha inchi .177 risasi huenda karibu na mstari ulionyooka, cha .22 ni nzito, inashuka haraka.

Hapa usiwe na haraka. Funga darubini, weka karatasi mita 25, piga risasi tano tano huku ukirekebisha mpaka zitue ulipolenga. Halafu piga mita 5, 10, 15, 30 na 40 bila kugusa darubini, na uandike kila moja imetua wapi. Utashangaa ya mita 5: inapiga sentimita 2 au 3 chini, kwa kuwa darubini imekaa juu ya mtutu. Ndiyo maana panya wa karibu hukoswa kila mara. Kwa mita 40, ya .22 imeshuka kama sentimita 10, ya .177 karibu nusu yake. Sasa chora duara la sentimita 2.5, ukubwa wa sehemu ya kuua katika kichwa cha sungura, kati ya jicho na sikio. Umbali ambao risasi 10 kati ya 10 zinaingia, ukiwa umepiga magoti kama utakavyokuwa shambani, ndio mwisho wako. Kama ni mita 22, basi ni 22. Upepo ukivuma, punguza. Sungura aliyejeruhiwa huingia shimoni akafe kwa siku kadhaa, na hilo halina udhuru.

Nyuma ya mnyama lazima pawe na udongo au tuta. Jiwe, maji na mti mgumu hurudisha risasi.

Ndege wote wa porini wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981. Njiwa pori unampiga England chini ya leseni ya jumla GL42, kuzuia uharibifu mkubwa wa mazao. Huiombi, lakini lazima uisome na kufuata masharti yake. Mtambue kwa baka jeupe shingoni na mstari mweupe bawani. Mwenzake mdogo asiye na weupe huo (kwa Kiingereza stock dove) analindwa, muache. Kindi wa kijivu anapigwa, mwekundu, kamwe.

Sungura akianguka, mkamue kibofu hapo hapo kwa kusukuma tumbo kuelekea mkiani, la sivyo mkojo utaharibu nyama. Mpasue ndani ya saa moja, umtundike apoe. Mwenye macho yaliyovimba na kutoka usaha ana ugonjwa wa miksomatosisi. Haiambukizi watu, lakini haliwi. Ini lenye madoa meupe litupe. Kata nyama yote iliyozunguka tundu, maana risasi hutengenezwa kwa ledi, madini ya sumu. Kwa Waislamu, masheikh wametofautiana kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa. Muulize unayemwamini kabla ya kuanza.

Na bunduki usiipakie kwenye kontena la mizigo ya kupeleka nyumbani. Pata kwanza kibali cha silaha cha nchi yako, kwa maandishi, ndipo uongee na wakala wa mizigo.