Somo: Kurekebisha saizi ya bafa kwenye draiva ya kadi ya mtandao

Ping ndogo zinapita, SSH inaingia vizuri, ila ukianza kuhamisha faili zito kila kitu kinaganda. Wengi hukimbilia kubadilisha kebo. Kama draiva umeikompaili mwenyewe kwenye Linux, anza na bafa za kupokea, yaani vipande vya kumbukumbu ambamo kadi huweka fremu (pakiti) zinazoingia.

1. Tafuta mpaka. Kutoka mashine nyingine piga `ping -M do -s 1472` (`-M do` inakataza pakiti kukatwa vipande). Hizo baiti 1472, ukiongeza 8 za ICMP na 20 za IP, zinatimia 1500. Rudia ukiwa ndani ya VLAN (mtandao pepe unaotambuliwa kwa lebo kwenye fremu). Ikipita nje ya VLAN na kukwama ndani, mchawi umeshamjua.

2. Piga hesabu. Kwenye msimbo huenda ukakuta:

`#define RX_BUF_SIZE 1518`

Yaani kichwa cha Ethernet 14, data 1500 (ndiyo MTU, ukomo wa data kwa fremu moja), FCS (baiti za kukagua makosa) 4. Lebo ya VLAN inadai 4 zaidi: 1522. Angalia pia kama kuna `skb_reserve` ya `NET_IP_ALIGN` (baiti za kusogeza mwanzo wa data), maana inakula nafasi ya bafa hiyohiyo. Kwenye x86 thamani yake ni 0, lakini chaguo-msingi la kerneli ni 2. Ndiyo maana draiva hutulia mashine moja na kuvuruga nyingine.

3. Rekebisha kote. Hapa ndipo watu huteleza. Saizi hutumika mahali patatu: unapotenga kumbukumbu, unapoita `dma_map_single` (inayoikabidhi kadi bafa ili iandike yenyewe kwenye kumbukumbu, yaani DMA), na unapoiambia kadi. Ukitenga 1518 huku kadi imeambiwa 2048, fremu ndefu itaandikwa juu ya mali ya jirani, na mashine itakuja kuanguka kwingine kabisa. Weka hesabu moja, wote watatu waisome (na kama kuna `skb_reserve`, pa kutenga paongeze `NET_IP_ALIGN`):

`priv->rx_len = dev->mtu + ETH_HLEN + VLAN_HLEN + ETH_FCS_LEN;`

4. Kompaili, `rmmod`, `insmod`, rudia ping, kisha tazama takwimu za kadi kwa `ethtool -S`. (Kama umeingia kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo, tafadhali usiguse `rmmod`.)

Maswali

*Mkuu, si niweke tu 16384 yaishe?*
Bafa 256 za hivyo ni MiB 4, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba kila moja inataka kurasa kadhaa za kumbukumbu zilizofuatana, na mashine ikikaa muda mrefu bila kuzimwa, hizo huadimika.

*Nimewasha KASAN, iko kimya. Draiva iko salama?*
Hapana, kaka. KASAN, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu ndani ya kerneli, hufuatilia kile prosesa inachoandika, wakati kadi inaandika yenyewe kwa DMA. IOMMU, mlinzi wa kumbukumbu dhidi ya vifaa, inaweza kuikamata, ila hupima kwa kurasa, kwa kawaida za baiti 4096. Ikimwaga ndani ya ukurasa uleule inapita. Tenga baiti chache za ziada baada ya bafa, zijaze 0xA5, uzikague kila fremu inapofika; zikibadilika, kadi imemwaga.

*Yangu iko sawa hadi nikiweka MTU 9000, inaanguka papo hapo.*
Fungua `ndo_change_mtu`, fomula ya draiva inayoitwa MTU ikibadilishwa. Bila shaka inabadilisha `dev->mtu` tu na kuacha bafa za zamani kwenye ringi (foleni ya bafa ambazo kadi inazizungukia). Simamisha upokeaji, achia zilizopo, tenga mpya kwa `rx_len` mpya, ndipo uwashe. Na kama kadi haimudu fremu kubwa, weka `max_mtu` ili kerneli imkatalie mtumiaji mapema.