Kabla hujakodi RV uizunguke Marekani, jua kwanza gari ina futi ngapi

Kila ikifika Februari, baridi ya Minnesota imetuchosha, kwenye grupu letu la WhatsApp mtu anarusha picha ya Grand Canyon, mwingine anajibu na Yellowstone, shemeji yangu anasema jamani mwaka huu tukodi RV twende na watoto, na kabla hujamaliza chai orodha ishafika sehemu kumi. Hakuna hata mmoja anayeuliza hiyo gari itakuwa na futi ngapi. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo mpaka yakanikuta.

Kwa asiyeijua, RV ni lile gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani. Za kuendesha zipo aina tatu: A ni kama basi kabisa, B ni kama Hiace iliyoinuliwa paa, na C ndo ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, familia nyingi zinakodi hii. Mi nilibuku C ya futi 25, siku ya kuchukua naambiwa hiyo haipo, ila "tunakupandisha daraja bure kabisa", nikapewa ya futi 30. Nikashukuru, nikapiga na picha. Siku ya tatu tumefika hifadhini usiku, nafasi niliyolipia mwisho futi 27, nyuma kuna jiwe mbele kuna barabara, mlinzi anamulika tochi anatikisa kichwa. Tukarudi maili 40 kulala kwenye kempsaiti ya kibiashara kwa bei ambayo mke wangu hajaisahau mpaka leo. Na nilipokuja kupima na futi kamba, ile ya 30 ilikuwa 31 na kitu, maana ngazi na bampa la nyuma hawakuhesabu.

Kwa hiyo, kabla hujachagua sehemu, ulizia urefu, upana na kimo, kimo pamoja na kiyoyozi cha juu ya paa. Ukishapata hizo namba ziandike kwenye karatasi ubandike karibu na usukani, maana ukikutana na daraja la chini hutakuwa na muda wa kukumbuka. C nyingi kimo chake ni futi 11 hadi 12, karibu mita 3.5. Ramani ya kawaida ya simu haijui hilo, itakupitisha popote, kule New York na Connecticut kuna zile parkway za zamani zenye madaraja ya chini na gari kubwa haziruhusiwi kabisa. Tafuta programu ya ramani inayokubali kuingiziwa vipimo vya gari.

Sasa angalia hizo namba zinavyochezea orodha yako. Hifadhi ya Glacier kule Montana, ile barabara maarufu ya Going-to-the-Sun ndo kila mtu anaifuata, lakini kipande cha juu milimani, kati ya Avalanche na Rising Sun, gari ikizidi futi 21 urefu au futi 8 upana haipiti. Yani karibu C zote nje. Unaiacha RV chini, unapanda kwa basi la hifadhi au kigari kidogo cha kukodi. Zion kule Utah kuna handaki la mwaka 1930, refu zaidi ya maili moja, lilichimbwa wakati magari yalikuwa madogo, na masharti ya magari makubwa yamekazwa siku hizi, kwa hiyo ukitoka Zion kwenda Bryce Canyon na RV kubwa panga kuzunguka, usitegemee handaki. Monument Valley ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule, wana sheria zao, ile njia ya vumbi ya maili 17 kati ya yale majabali RV hairuhusiwi, unachukua ziara na mwenyeji. Yellowstone ndo rafiki wa RV kuliko hizo, mzunguko mkuu ni maili 142 na unapita vizuri, tatizo lake ni paking, ukifika Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji ya moto juu, saa tano asubuhi mwezi wa saba utazunguka mpaka watoto walale.

Halafu kuna majira. Barabara nyingi za Yellowstone zinafungwa kwa magari ya kawaida kuanzia mapema Novemba mpaka katikati ya Aprili hivi. Grand Canyon upande wa kusini uko wazi mwaka mzima, wa kaskazini uko juu zaidi na theluji inaufunga. Death Valley ni kinyume chake, usiende kiangazi, pale Furnace Creek ndo palipopimwa nyuzi 56.7 mwaka 1913, na mikataba mingi ya kukodi inakataza kuipeleka RV kule miezi hiyo. Soma mkataba. Najua hatusomi, ila huu usome.

Kubuku nafasi: hifadhi nyingi za taifa zinapitia tovuti ya recreation.gov na nafasi nyingi zinafunguliwa miezi 6 kabla, na zile nzuri zinaisha asubuhi hiyo hiyo. Kuna sehemu ya kuandika urefu wa gari, usidanganye. Kadi ya mwaka ya kuingia hifadhi zote za serikali kuu ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani, unaonyesha kitambulisho cha huku chenye picha. Kama unaleta wazazi au ndugu kutoka nyumbani jua kwamba tangu 1 Januari 2026 kadi ya asiye mkazi ni dola 250, na mgeni asiyekuwa na kadi akiingia hifadhi 11 zinazojaa zaidi, Yellowstone na Grand Canyon zikiwemo, anaongezewa dola 100 kila kichwa kuanzia miaka 16. Mkiwa na mjomba na shangazi piga hesabu mapema, isije ikawa aibu getini. Na kadi haifanyi kazi Monument Valley, ile sio ya serikali kuu.

Umbali nao. Sisi kutoka Minneapolis mpaka Yellowstone ni karibu maili 1,000 na kwa gari ndogo vijana wanajisifu wameenda bila kulala. Na RV usijaribu. Weka maili 300 kwa siku basi, upepo wa South Dakota kwenye barabara kuu ya I-90 unalisukuma lile boksi mpaka mikono inauma. Mafuta, C inakula galoni moja kwa maili 8 mpaka 10, kwa hiyo hizo maili 1,000 ni galoni 100 na zaidi, kwenda tu. Wakodishaji wengi wanahesabu na maili, ukizidisha kiwango unalipia, jenereta nayo inahesabiwa kwa saa.

Milimani, kama umeshawahi kushuka mlima Kitonga kule Iringa unajua tayari, gia nzito, breki gusa achia gusa achia. Usiikalie breki. Mi nimeona C moja Wyoming imesimama pembeni magurudumu yanafuka moshi, mzee wa watu amekaa kwenye kiti cha kukunja anasubiri yapoe. Na nyuma ya magurudumu ya nyuma kuna mkia mrefu, ukikata kona kulia mkia unaenda kushoto, nguzo za sheli ndo zinajua habari hizi. Zunguka paking tupu nusu saa kabla ya kuingia barabara kuu, na kabla ya kuondoka popote mtu mmoja azunguke gari aone ngazi imepanda, waya umechomolewa, madirisha ya paa yamefungwa.

Haya, choo. Hapa ndo watu wanaona aibu kuuliza halafu wanajuta. Chini ya gari kuna matenki matatu: maji safi, maji machafu ya sinki na bafu, na la choo. Ukifika kempsaiti yenye bomba la uchafu usiache valvu ya tenki la choo wazi, maji yatatoka yenyewe na mzigo utabaki umekauka pale chini kama kichuguu, na hakuna anayetaka kukivunja. Acha imefungwa, tenki lijae angalau nusu na zaidi, ndo ufungue. Unaanza tenki la choo, halafu la sinki, ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Glavu za kutupa, mpira wa kumwagia usio na tundu (fungua uukague kabla hujaondoka kwa mkodishaji, mi wangu ulikuwa na tundu, sisemi zaidi), na tishu zinazoyeyuka haraka. Mpira wa maji ya kunywa ukae mbali kabisa na huo mwingine.

Umeme wa kempsaiti ni ampia 30 au 50, gari ina plagi ya aina moja, kwa hiyo beba adapta na kifaa cha kulinda umeme usije ukaunguza friji. Na wa 30 haubebi kiyoyozi, maikrowevu na pasi kwa pamoja.

Chakula, beba unga wa ugali toka mjini, njiani hutaupata, sufuria nzito na mwiko imara, lile jiko ni dogo. Nyama mtachoma nje lakini kuni usibebe kutoka nyumbani, wadudu wanaoua miti wanasafiri humo, majimbo mengi yanakataza, nunua pale pale unapowasha, na ulizia kama moto umeruhusiwa wiki hiyo. Kwenye nchi ya dubu hakuna kuacha hata kopo la soda mezani, vyote ndani. Watoto waambie mapema wakae mbali: dubu na mbwa mwitu yadi 100, baisoni (nyati wa huku) yadi 25. Yule baisoni anaonekana mpole kama ng'ombe wa bibi ila ndo aliyejeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote Yellowstone.

Mtandao utakata. Shusha ramani kwenye simu, chapisha risiti za nafasi zote, na mwachie mtu nyumbani ratiba.

Siku ya kurudisha, amka mapema maana foleni ya kumwaga matenki ni ndefu, jaza mafuta na gesi kama mkataba unavyosema, na piga video ya gari nje ndani juu chini, kama ulivyopiga siku ya kuchukua. Mi walinidai mkwaruzo wa mlango wa nyuma, nikawaonyesha video ya siku ya kwanza, mkwaruzo ule ule, na mwanangu wa miaka sita kwenye hiyo video anasema "baba, mbona hapa pamechubuka?"