Kutengeneza wimbo wa taratibu wa kutia moyo, kutoka studio ya mabati Kondele

Mara kwa mara huja mtu studioni kwangu hapa Kisumu na wimbo unaoanza na "usikate tamaa". Humwacha aimbe mpaka mwisho, kisha namuuliza: ni nani alikuwa anakata tamaa, na siku hiyo ilikuwaje? Akijibu hilo vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Nitaeleza kwa kufuata kazi moja niliyofanya na binti aliyetaka kumwimbia mamake.

Hatua ya 1: Tafuta tukio

Beti alizokuja nazo zilikuwa mahubiri matupu: milima, mabonde, giza, nuru. Nikazima kompyuta, tukanywa chai. Ndipo akasimulia usiku wa kuamkia kufungua shule, mama akihesabu pesa za omena. Tukaandika:

*Mama akahesabu sarafu kitandani,*
*zikapungua, akaanza tena mwanzoni.*

Hapo hakuna aliyeambiwa ajikaze. Lakini yeyote aliyewahi kurudia hesabu akitumaini pesa zitaongezeka zenyewe anaelewa. Kila mstari una mizani (silabi) 14, kwa hiyo tuni moja inaibeba yote miwili bila kusukumana. Kiitikio kikajileta chenyewe: *Hesabu tena, mama, hesabu tena.* Kwenye beti ya kwanza ni sarafu. Ya mwisho, mama anahesabu watoto waliomaliza shule. Maneno ni yale yale, ila sasa yana uzito mwingine.

Hatua ya 2: Heshimu mkazo wa neno

Hapa ndipo nyimbo nyingi huharibika, na mwenye wimbo hajui kwa nini. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "barabara" ni mfano mzuri: ukikaza silabi ya tatu, baraBAra, ni njia ya magari; ukikaza ya pili, baRAbara (moja ya zile chache zinazokiuka kanuni), ni sawasawa. Tuni ikikaza pasipofaa, msikilizaji anakwazika hata kama hawezi kueleza.

Binti alikuwa ameweka noti ya juu kwenye "bu" ya *hesabu*. Mkazo uko kwenye "sa", na isitoshe "u" hufunga mdomo, sauti ikabanwa. Jaribu mwenyewe: imba *hesabuuu*, kisha *hesaaabu*. Umeona? Kilele kiwekee "a" au "o". Tulihamisha noti moja tu, na kiitikio kikafunguka.

Hatua ya 3: Kasi na ufunguo

Mapigo 66 hadi 72 kwa dakika yanatosha. Sisi tulitumia 68. Ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake, usiuchague kwa kuimba beti, maana beti iko chini na kila mtu anaiweza. Anza na kiitikio cha mwisho. Kama utapandisha toni nzima pale, basi jaribu pale kwanza, mwimbaji akiwa amesimama, bila kufinya koo. Ukishapata, shuka toni moja: huo ndio ufunguo wa kuanzia.

Hatua ya 4: Vyombo viingie polepole

Beti ya kwanza ni kinanda na sauti, basi. Besi iingie kwenye kiitikio cha kwanza, ngoma zisubiri cha pili. Kwenye daraja, kile kipande tofauti kabla ya kiitikio cha mwisho, ondoa karibu kila kitu, halafu panda. Vijana wangu wa biti hutaka ngoma ipige tangu sekunde ya kumi; huwa nawaambia waende wakanunue mandazi.

Hatua ya 5: Kurekodi sauti

Paa langu ni la mabati, na mvua za Kisumu hupenda alasiri na jioni. Kwa hiyo narekodi asubuhi mapema, kabla honi za matatu za barabara ya Kakamega hazijachangamka. Tundika mablanketi mazito nyuma na pembeni mwa mwimbaji. Mdomo uwe shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Rekodi beti mara nne, usizidishe. Ya tano huwa safi lakini imekufa. Na uhifadhi kila baada ya kurekodi. Niliwahi kupoteza daraja zima kwa sababu stima ilipotea nikiwa bado nasifu.

Kwa kwaya, sisi wa huku tuna bahati. Wanakwaya wengi wamelelewa na solfa (noti za do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi) kanisani na kwenye mashindano ya muziki ya shule. Waandikie d, r, m kwenye karatasi: sauti ya soprano, ya alto, ya teno na ya besi. Kila mmoja aimbe mara mbili, uweke moja kushoto na nyingine kulia. Watu wanne watasikika kama kumi na zaidi. Waingie kiitikio cha mwisho pekee.

Miksi isikuchoshe: sauti mbele, mwangwi kiasi, kisha usikilize kwa spika ya simu. Maneno yasiposikika hapo, rudi.

Hatua ya 6: Karatasi kabla ya kutoa

Andikeni nani ana asilimia ngapi: maneno, tuni, utayarishaji. Wekeni sahihi siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnapendana. Sajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na mtunzi ajiunge na chama cha kukusanya mirabaha. Kuhusu miito ya simu kama Skiza ya Safaricom, sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa 2022 inampa mwenye kazi si chini ya asilimia 52. Soma mkataba wa wakala ukiwa na namba hiyo kichwani.

Hatua ya 7: Wape watu waimbe

Wimbo wa namna hii hutembea kwa vinywa vya wengine. "You Raise Me Up", tuni ya Rolf Løvland na maneno ya Brendan Graham, ilitoka na Secret Garden mwaka 2002. Josh Groban akairekodi 2003. Westlife wakaifikisha namba moja Uingereza 2005.

Kwa hiyo siku ya kutoa, weka YouTube matoleo mawili: wimbo kamili, na biti tupu yenye maneno kwenye skrini. Biti hiyo iwe kwenye ufunguo wa chini kidogo kuliko wa msanii wako. Sisi tulitoa mwezi wa nane, ili kufikia maombi ya watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, walimu wa kwaya wawe wameshaishika. Walimu wawili wakaniomba solfa. Nikapiga picha ile karatasi, yenye doa la chai, nikawatumia.