Somo: Kuongeza ufanisi wa kuhariri jeni kupitia ukarabati wa DNA

Wengi mnauliza mbona Cas9 (mkasi wa DNA wa CRISPR) inakata vizuri lakini rekebisho haliingii. Cas9 kazi yake ni kukata tu. Kinachofuata ni uamuzi wa seli. Mara nyingi huunga ncha mbili harakaharaka, herufi za DNA zikipotea au kuongezeka. Njia tunayoitaka, ya kunakili kutoka kwenye kiolezo (DNA yenye herufi sahihi tunayoipa seli), hufanya kazi zaidi seli ikiwa awamu ya S na G2, yaani inaponakili DNA yake na kujiandaa kugawanyika. Tuchukue selimundu: kwenye HBB, jeni ya himoglobini, GAG imegeuka GTG.

Hatua ya 1. Mkato uwe karibu na herufi unayorekebisha, ikiwezekana ndani ya herufi 10. Ukienda mbali ufanisi unaporomoka, na dawa za bei mbaya hazitakuokoa.

Hatua ya 2. Kiolezo: DNA ya uzi mmoja, herufi 100 hadi 200, inatosha kwa badiliko dogo. Humo humo iharibu PAM (NGG), alama fupi ambayo Cas9 huihitaji ili ikate, bila kubadili asidi amino. Ukiiacha, Cas9 itarudi kukata pale pale ulipokwisha kurekebisha, na safari hii seli itaunga ovyo.

Hatua ya 3. Changanya Cas9 na RNA elekezi (inayoipeleka mahali pa kukata) kwanza, ndipo uingize pamoja na kiolezo kwa shoti ya umeme. Seli ziwe zinagawanyika.

Hatua ya 4. Dawa za kuzuia DNA-PKcs (protini ya ule uungaji wa haraka), kama AZD7648. Hiari, tena mwisho kabisa.

MASWALI

– Mkuu, kwa AZD7648 asilimia ya rekebisho kwenye PCR yangu (kipimo cha kunakili kipande cha DNA ili kisomwe) imepanda ajabu. Kwa nini unaiweka mwisho?

PCR fupi inakudanganya. Mwaka 2024 ilionekana kwamba dawa hiyo huongeza ufutikaji wa vipande vikubwa, hata mkono wa kromosomu. Pale praima (kipande kifupi kinachoanzisha PCR) inaposhika pakiondoka, nakala hiyo ya jeni haisomeki kabisa. Zinabaki nzuri tu, asilimia inapaa. Soma vipande virefu, kisha hesabu nakala za jeni zilizobaki.

– Casgevy, ile tiba ya selimundu ya CRISPR, nayo inarudisha GAG?

Hapana. Ile iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 inavuruga kiongeza nguvu cha BCL11A (jeni inayozima himoglobini ya kichanga) ili himoglobini ya kichanga irudi. Inategemea uungaji ule ule wa haraka tunaoulalamikia hapa! GTG inabaki ilivyo.

– Na seli za neva, mwalimu?

Hazigawanyiki, kwa hiyo kiolezo kitakutesa. Jaribu uhariri wa praimu (prime editing), usiokata nyuzi zote mbili.