Betri ya gari: pima trei kabla hujatoa pesa

Wateja wengi wanaokuja kwangu Uyole, Mbeya, kutafuta betri huanza hivi: "Fundi, nipe N50," yaani wanataja saizi ya betri. Ukimuuliza kwa nini N50, anajibu ndiyo iliyokuwemo. Sasa hiyo iliyokuwemo ilifungwa na nani? Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na huku yamepita mikono miwili mitatu, kila mmoja akiweka betri aliyoipata. Kwa hiyo achana kwanza na betri ya zamani, anza na trei, yaani kile kikalio cha betri ndani ya boneti.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima urefu na upana wa trei, halafu pima nafasi ya juu. Kwa hii ya juu, finyanga karatasi, iweke juu ya kichwa cha betri, funga boneti taratibu, kisha fungua uone imebanwa kiasi gani. Usipuuze kipimo hiki. Bodi yote ya gari ni hasi, na kichwa cha chanya kikigusa boneti barabarani, unawaka moto.

Ukishapata vipimo, soma maandishi ya betri za mtindo wa Kijapani. Mfano 46B24L. Namba 46 ni daraja la nguvu; ikipanda, nguvu imepanda. B ni kundi la upana na kimo: B ina upana wa milimita 129 hivi, D ina 173. 24 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho ni upande wa chanya. Simama vichwa vya betri vikiwa karibu nawe: chanya ikiwa kulia ni L, ikiwa kushoto ni R. Ukikosea hapo waya hazifiki, na anayezilazimisha huishia kugeuza chanya na hasi, akaunguza fyuzi na diodi za alteneta.

Vichwa navyo vina unene wake. Betri nyingi za B19 na B24 zina vichwa vyembamba, isipokuwa zilizoongezewa S mwishoni, kama 46B24LS. Za D ni vinene. Mama mmoja wa Makete anayeleta viazi mjini alikuja na Noah inayogoma kila alfajiri. "Mwanangu, betri ni mpya," akaniambia. Mpya kweli, ila ilikuwa 34B19L kwenye trei inayobeba D23. Waliomfungia walijaza vipande vya bati ili terminali zibane vichwa vyembamba, na betri yenyewe wakaifunga kwa mpira wa tyubu. Bati lililegea, betri ikawa inarukaruka kwenye makorongo. Nilimwambia, "Mama, hapa unahitaji 55D23L." Tukapima, ikakaa, bano lake likashika vizuri.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo la ziada, na hili nalisisitiza kwa kila mtu: baridi. Joto likishuka hadi nyuzi 0, betri iliyojaa hutoa kama theluthi mbili tu ya nguvu yake ya kuwashia, na wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito, stata inahitaji nguvu zaidi. Gari linalowaka vizuri Kyela kwenye joto linaweza kukugomea Kitulo kwenye baridi ya mwezi wa saba. Hata Japani, gari kama IST hutoka kiwandani na 34B19L, lakini za maeneo ya baridi huwekewa 46B24L. Kwa hiyo kati ya betri mbili zinazoenea kwenye trei yako, chukua yenye CCA kubwa, yaani namba ya nguvu ya kuwashia kwenye baridi. Namba hiyo hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiilinganishe na CA, nayo ni namba ya nguvu ya kuwashia ila hupimwa kwenye nyuzi 0, maana CA daima huonekana kubwa zaidi.

Wapo wanaoogopa kwamba betri kubwa itaunguza vitu. Hapana. Ikiwa ni ya volti 12, stata huvuta inachohitaji tu. Ila kama safari zako zote ni fupi, za hapa mjini Kabwe hadi Mwanjelwa na kurudi, hata betri kubwa haitapata muda wa kujaa.

Betri ya sola usiiweke kwenye gari. Imetengenezwa itoe umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kuwasha injini kunataka mkupuo mkubwa wa sekunde chache. Na gari linalojizima lenyewe kwenye foleni linataka betri ya aina yake, EFB au AGM, zinazohimili kuwashwa mara nyingi; usilishushie ya kawaida.

Dukani uliza tarehe ya kutengenezwa, kisha waombe waipime. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu, irudishe.

Kufungua, anza na hasi. Kufunga, anza na chanya. Kisha washa gari upime tena: ukipata kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu, tatizo lako halikuwa betri, na hiyo mpya nayo itakufa njiani.