Ukikamatwa: namna ya kuwafikishia habari watu wa nyumbani

Simu huchukuliwa mapema kituoni, na namba zote zimo humo. Basi shika mbili kichwani tangu leo: ya ndugu asiyezima simu, na ya mwingine anayeweza kuacha shughuli akaja. Ukienda mahali penye hatari ya kukamatwa, ziandike mkononi kwa kalamu ya wino. Kikaratasi hupotea kwenye upekuzi. Waambie pia wapokee simu wasizozijua. Wengi hukosa habari kwa kupuuza namba ngeni.

Ukiwa unakamatwa, muulize askari kwa sauti ya kusikika, bila ubishi: "Tunakwenda kituo gani?" Aliye karibu akilisikia jibu, tayari una mjumbe.

Kituoni, kabla hujaingizwa selo, mwambie askari wa zamu: "Naomba ndugu yangu ajulishwe kwamba nimeshikiliwa hapa." Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1988 kuhusu watu waliozuiliwa, kanuni ya 16, zinakupa nafasi ya kujulisha mwenyewe au kuitaka mamlaka ijulishe, na tena kila unapohamishwa. Zinaruhusu kuchelewesha kwa muda wa kiasi pale tu upelelezi unapolazimu. Ukikataliwa, uliza sababu, omba ombi lako na saa viandikwe kitabuni, kisha urudie zamu ikibadilika, kwa kuwa askari anayeingia huenda hakuambiwa lolote. Anayeachiwa kabla yako naye mpe namba akupigie akifika nje.

Ukipewa simu, huenda ikawa dakika moja tu. Anza na "Nimekamatwa, niko kituo fulani," halafu afya yako, tuhuma, na jina kama lilivyoandikwa kitabuni. Hili la jina watu hulidharau: Hassani akiandikwa Asani, au jina la babu likitangulia, ndugu ataambiwa mezani kwamba mtu huyo hayupo. Kisha taja dawa unazotumia, mtoto wa kuchukuliwa shule, na wakili. Kilichotokea usikisimulie kabisa. Wapo wanaosikiliza, simu huweza kurekodiwa, na ndugu huweza kuitwa shahidi.

Ukiwa ugenini, Mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 36, unawataka wakueleze bila kuchelewa kwamba unaweza kuomba ubalozi wenu ujulishwe. Aliyeikimbia serikali yake asikubali haraka. Aongee na wakili kwanza.

Kwa aliye nyumbani: andika kila neno na saa. Anayedai yeye ni askari na kutaka utume pesa ndipo mtu atoke, usimtumie kitu. Tafuta mwenyewe namba ya kituo, upige, au nenda na kitambulisho. Ukiambiwa hayupo, taja jina kwa tahajia zote, uliza kama amehamishwa na wapi, kisha pita vituo vya jirani, hospitali, na mahakamani asubuhi watuhumiwa wanapoletwa.